Kundi la Risasi Tatu Halitoshi: Kujaza Risasi za Masafa Marefu kwa Jicho la Mtu wa Maabara

Shehena ya shaba inayotoka Lubumbashi kuelekea mpaka wa Kasumbalesa haiuzwi kwa kipimo kimoja. Muuzaji hupima sampuli katika maabara yake, mnunuzi hupima katika yake, na fungu la tatu la sampuli ile ile hutiwa lakiri na kuwekwa kando kwa ajili ya maabara ya mwamuzi, endapo wawili hao watatofautiana kupita kiwango walichokubaliana. Hakuna anayelipia tani za shaba kwa sababu kijiko kimoja cha unga kilitoa jibu zuri asubuhi moja. Nimefanya kazi katika maabara ya namna hiyo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Ndiyo sababu, mjomba wangu anayeishi Polokwane, Afrika Kusini, aliponionyesha jinsi anavyojijazia, yaani anavyoziunda mwenyewe badala ya kuzinunua za kiwandani, risasi za mashindano ya kulenga shabaha ya mbali, kilichonivuta hakikuwa bunduki, bali mizani iliyokuwa mezani na daftari lililolala pembeni yake.

Tangu hapo, kila ninapopata likizo na kupanda basi la kuvuka Zambia na Zimbabwe, tunakaa pamoja katika chumba chake cha kazi, naye hunikabidhi upande wa vipimo. Ninataka kueleza nilichojifunza humo, hasa jambo moja ambalo naona linapuuzwa na watu wengi wanaoupenda mchezo huu: kwamba wengi hutafuta namba ya bahati, kiasi fulani cha baruti ambacho eti bunduki “inakipenda”, kwa ushahidi ambao maabara yoyote ya Katanga ingeukataa, huku wakipita haraka juu ya kazi ya kufanya kila risasi ifanane na iliyoitangulia.

Kabla sijaendelea, nieleze mipaka. Hapa Kongo sijazi risasi wala similiki bunduki. Ordonansi-sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 kuhusu silaha na risasi imeweka umiliki wake chini ya vibali, na mimi sina kibali. Kazi yote ninayoisimulia hufanyika Afrika Kusini, kwa leseni ya mjomba na chini ya sheria ya nchi ile ya mwaka 2000 inayodhibiti silaha za moto. Ninajua pia jinsi neno risasi linavyosikika masikioni mwa msomaji wa Goma au Bukavu, miji iliyoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa mwaka 2025. Sisi tunaongea Kiswahili kimoja na watu wa huko, na baadhi ya jamaa zetu wako huko. Mchezo ninaouzungumzia ni wa kulala kifudifudi na kutoboa karatasi, na heshima yake yote iko katika kipimo.

Mchezo wenyewe unaitwa F-Class. Ulianzia Kanada, na herufi F inatokana na jina la George Farquharson, mlengaji aliyeubuni ili watu ambao macho na viungo vyao vimechoka waendelee kushindana kwa kutumia darubini na kuegemeza bunduki. Mjomba hushiriki kitengo kinachoruhusu aina mbili tu za risasi, .308 Winchester na .223 Remington, kwa bunduki yenye miguu miwili ya mbele na uzito usiozidi kilo 8.25. Katika yadi 1000, ambazo ni mita 914, duara la alama tano lina upana wa sentimita 25 hivi, na ndani yake kuna duara dogo la nusu ya upana huo, ambalo huamua mshindi pale alama zinapolingana. Kwa umbali huo duara lote halionekani kwa macho matupu.

Kwa nini ujaze mwenyewe, wakati madukani zinauzwa risasi nzuri za kiwandani? Jibu liko katika hesabu ya kasi. Risasi ya .308 yenye kichwa cha greni 155 (greni moja ni gramu 0.0648) hutoka katika mtutu mrefu wa mashindano kwa kasi ya karibu mita 880 kwa sekunde. Ikiwa risasi moja itatoka na kasi pungufu ya mita 10 kwa sekunde kuliko mwenzake, itagonga chini zaidi kwa takriban sentimita 20 hadi 25 katika yadi 1000. Maana yake ni kwamba mlengaji anaweza kulenga bila dosari, akavuta kifyatulio kwa upole, akasoma upepo sawasawa, na bado akakosa duara la alama tano kwa sababu tu risasi mbili zilizotoka katika boksi moja hazikuwa pacha. Katika mita 100 tofauti hiyo haionekani kabisa, na ndiyo maana mtu anayepima risasi zake kwa umbali mfupi peke yake huweza kuishi miaka mingi bila kujua udhaifu wake.

Risasi kamili ina vitu vinne: ganda, fataki inayowasha baruti, baruti yenyewe, na kichwa kinachoruka hadi shabahani. Nianze na ganda, kwa sababu ni sehemu inayotumika tena na tena na kwa sababu, lazima nikiri, ndiyo ninayoipenda.

Ganda hutengenezwa kwa shaba nyeupe yenye asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki. Mtu wa Lubumbashi akiusoma mchanganyiko huo anaziona pande mbili za nyumbani kwake: shaba ilianza kuyeyushwa hapa mwaka 1911, wakati mji ulikuwa na umri wa mwaka mmoja, na zinki inachimbwa Kipushi, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka mjini, katika mgodi uliolala kwa miongo na kurudi kazini mwaka 2024. Mchanganyiko huu ulichaguliwa kwa sababu unavutika. Karatasi nene ya shaba nyeupe huweza kusukumwa hatua kwa hatua hadi ikawa kikombe kirefu bila kupasuka, na baruti inapowaka ganda hutanuka likaziba chemba ili gesi isimrudie mpigaji, kisha hunywea kiasi cha kutosha kutolewa. Shinikizo la juu lililowekwa kwa .308 Winchester katika viwango vya kimataifa vya C.I.P. ni bari 4150. Kinachosimama kati ya nguvu hiyo na uso wa mlengaji ni kitasa cha bunduki, yaani kipande kinachoifunga chemba kwa nyuma, pamoja na kitako cha ganda.

Kila ganda linapotumika na kurudishwa katika umbo lake kwa kalibu, shingo yake hukandamizwa, na shaba nyeupe inayokandamizwa ikiwa baridi huwa ngumu. Fuwele za shaba hiyo hujaa kasoro zinazozuiana, na shingo iliyokuwa ikikishika kichwa kwa ulaini huanza kurudi nyuma kama chemchemi. Baada ya matumizi kadhaa, maganda ya boksi moja huwa hayashiki vichwa kwa nguvu moja; baruti huanza kuwaka dhidi ya ukinzani tofauti, na kasi hutawanyika. Dawa yake ni kulainisha shingo kwa moto: kuipasha hadi fuwele zijipange upya, kwa sekunde chache tu, bila kuruhusu joto lifike kwenye kitako. Kitako kilicholainishwa ni hatari, kwa kuwa ugumu wake ndio unaozuia bari 4150, na ganda la namna hiyo halifai tena hata kama linang’aa. Mjomba hutumia kifaa cha umeme kinachopasha kila shingo kwa muda ule ule, na hulainisha baada ya kila matumizi. Wapo wanaosubiri hadi matumizi ya tatu au ya nne, lakini mimi namuunga mkono mjomba, si kwa sababu ganda linahitaji moto kila mara, bali kwa sababu utaratibu usiobadilika huondoa swali moja katika daftari.

Kuna habari ya zamani ambayo kila mwanafunzi wa metalujia huifahamu na ambayo kila mjaza risasi angepaswa kuijua. Katika karne ya 19, jeshi la Waingereza nchini India liliona maganda ya risasi yakipasuka yenyewe ghalani wakati wa msimu wa mvua, bila kupigwa wala kuguswa. Mengi yalikuwa yamehifadhiwa mazizini. Ilichukua muda mrefu hadi maelezo kamili yalipochapishwa mwaka 1921: amonia iliyotoka katika mkojo wa farasi, pamoja na unyevu, ilikuwa ikiishambulia shaba nyeupe mahali ambapo mkazo wa kutengenezwa ulikuwa umebaki ndani yake. Mkazo peke yake haukupasua ganda, wala amonia peke yake haikulipasua. Tiba ilikuwa ule ule moto mdogo unaoondoa mkazo. Kwa hiyo ninaposikia mtu anasafisha maganda kwa sabuni ya madirishani yenye amonia ili yameremete, namsihi aache, kwa sababu mng’ao hauna kazi yoyote shabahani.

Baada ya kulainisha, ganda hupita kwenye kalibu inayorudisha bega nyuma kwa takriban milimita 0.05 tu, kiasi cha kuliruhusu liingie chemba bila kulazimishwa. Ukisukuma bega zaidi ya hapo, ganda litanyooka sana kila linapopigwa, na hatimaye litakatika juu ya kitako. Urefu wa ganda zima hauruhusiwi kuzidi milimita 51.18; likizidi hukatwa. Kisha upana wa shingo hurekebishwa ili ukishike kichwa kwa tofauti ya milimita 0.025 hadi 0.05. Kupanga maganda kwa uzito, kuchonga unene wa shingo, kusawazisha tundu la fataki, hayo yote yana wafuasi wake, nami sitayakalia: ukinunua maganda mazuri ya toleo moja, yaani yaliyotengenezwa kiwandani kwa mkupuo mmoja, faida yake ni ndogo kuliko muda unaoliwa.

Mizani ndiyo inayostahili subira. Baruti ya bunduki ndefu kwa kawaida ni vipande vidogo kama vijiti, na kijiti kimoja huweza kuwa na uzito wa karibu greni 0.02, yaani zaidi kidogo ya miligramu moja. Mizani ya kawaida inayosoma hadi greni 0.1 inaficha vijiti vitano ndani ya tarakimu moja. Kwa .308, greni 0.1 hubadilisha kasi kwa mita 1.5 hadi 2 kwa sekunde hivi. Si balaa, lakini ni kosa linaloweza kuzuilika, na kosa linaloweza kuzuilika halina haki ya kubaki. Kinachoniudhi zaidi ya usomaji hafifu ni mizani inayoteleza. Mizani ya umeme iliyowashwa sasa hivi husoma tofauti na ile iliyopata joto kwa nusu saa. Upepo wa feni huisukuma. Katika kiangazi kikavu, umeme tuli kwenye kikombe cha plastiki huweza kuongeza au kupunguza uzito ambao haupo. Katika maabara tunaweka jiwe la uzito linalojulikana juu ya mizani mwanzoni, katikati na mwishoni mwa kila fungu la sampuli, na tunaandika usomaji. Nilipoanzisha desturi hiyo mezani kwa mjomba, alinitazama kwa muda kisha akasema, “Mpwa wangu, hivyo ndivyo mnavyowatesa wachimbaji huko kwenu?” Lakini sasa jiwe la uzito lina nafasi yake ya kudumu kando ya mizani.

Sitaandika hapa kiasi cha baruti tunachotumia, na sifanyi hivyo kwa kuficha siri. Kiasi kilicho salama katika bunduki moja huweza kupita shinikizo halali katika nyingine, kwa sababu chemba, mtutu, ujazo wa ganda, fataki na toleo la baruti havifanani. Njia ya salama ni kitabu cha vipimo kinachotolewa na mtengenezaji wa baruti hiyo hiyo: unaanza chini ya kiwango cha juu kwa karibu asilimia 10, unapanda kidogo kidogo, na unasimama mara kitasa kinapokuwa kizito kufunguka, fataki inapobonyea na kuwa bapa kabisa, au alama ya kung’aa inapotokea kwenye kitako. Mezani huwekwa baruti ya aina moja tu kwa wakati mmoja, ndani ya chombo chake cha asili, na kabla ya kukaza kichwa chochote trei nzima ya maganda hutazamwa kwa tochi, ili ganda tupu au lililojazwa mara mbili lionekane. Ujazaji haufanywi na mtu mwenye simu mkononi.

Kichwa nacho kina umbali wake. Kati ya mahali kinapokaa katika ganda na mahali mifuo ya mtutu, ile mikato ya ndani inayokizungusha kichwa, inapoanza kukishika kuna nafasi ambayo kichwa huiruka. Urefu wa risasi nzima ukipimwa hadi ncha unadanganya, kwa sababu ncha za vichwa vya mashindano hazikatwi sawasawa kiwandani. Tunapima hadi kwenye mzingo wa kichwa, pale kinapofikia upana ambao mifuo itaugusa, kwa kipete kinachofungwa kwenye kalipa. Nafasi hii hubadilisha mtawanyiko kwenye karatasi, na vichwa vyembamba virefu ni vyepesi kukasirika kuliko vile vya mzingo wa mviringo. Ni kipimo cha pili kinachostahili majaribio, baada ya baruti.

Sasa nifike kwenye kiini. Desturi iliyoenea ni hii: mtu hujaza risasi tatu kwa kila kiasi cha baruti, akipanda kwa hatua ndogo, labda viasi kumi tofauti. Hupiga makundi kumi ya matundu matatu, huchagua kundi dogo kuliko yote, na kutangaza kwamba amepata mahali ambapo bunduki yake imetulia. Njia nyingine inayoheshimika ni ya ngazi, inayohusishwa na mlengaji wa Marekani Creighton Audette, ambapo risasi moja moja ya kila kiasi hupigwa mbali na mtu hutafuta mahali ambapo matundu yanakusanyika kwa kimo kimoja. Zote mbili zimewasaidia watu kupanda kwa usalama kuelekea kiwango cha juu, na kwa hilo nazithamini. Lakini kama ushahidi wa usahihi, ni hafifu mno.

Chukua bunduki ambayo haibagui kabisa, yaani viasi vyote kumi vina mtawanyiko mmoja wa kweli. Piga makundi kumi ya risasi tatu tatu. Kwa bahati tupu, kundi dogo huweza kuwa nusu au hata theluthi ya kundi kubwa. Mtu akiziona karatasi hizo atasimulia hadithi nzuri ya mtetemo wa mtutu, naye atakuwa anasimulia hadithi ya kete. Upana wa kundi pia hutegemea idadi ya matundu: ikiwa mkengeuko, yaani kiasi ambacho matundu kwa kawaida hutawanyika kutoka katikati, ni sentimita 1 kwa kimo na sentimita 1 kwa upana, kundi la risasi tatu litakuwa na upana wa wastani wa sentimita 2.4, la risasi tano karibu 3.1, na la risasi kumi karibu 3.8. Bunduki ni ile ile na risasi ni zile zile. Kilichobadilika ni muda wa kusubiri. Kwa hiyo anayejivunia kundi la tatu mbele ya mwenzake mwenye kundi la kumi hajalinganisha kitu.

Kasi inasumbuliwa na ugonjwa huo huo. Siku hizi rada ndogo za mezani zimerahisisha kupima kasi ya kila risasi, na watu wamejawa na namba. Mtu hupiga risasi tano, kifaa kinamwonyesha mkengeuko wa kawaida wa mita 2 kwa sekunde, na anafurahi. Hesabu ya takwimu inasema kwamba kwa sampuli ya tano, mkengeuko wa kweli unaweza kuwa popote kati ya 0.6 na 2.9 ya ule uliouona, kwa uhakika wa asilimia 95. Mita 2 zake, basi, zinaweza kuwa mita 1.2 au mita 5.7, na tofauti kati ya hizo mbili ni tofauti kati ya bingwa na mshiriki. Kwa risasi tatu hali ni mbaya kiasi kwamba namba haina maana: mpaka wa juu unavuka mara sita ya ulichokiona. Ukifika risasi 20, mipaka hujibana hadi 0.76 na 1.46, na ukifika 30 huwa takriban 0.8 na 1.34. Ni hapo tu ninapokubali kuandika namba kwa wino.

Ninajua pingamizi: risasi ni ghali, mtutu unachakaa, na hakuna anayeweza kupiga risasi 30 kwa kila kiasi cha viasi kumi. Ni kweli, na ndiyo maana nasema viasi kumi havihitajiki. Sisi huchagua viwili, vilivyo salama na vinavyotoa kasi tunayoitaka, tukavipima kwa risasi za kutosha. Tena hatupigi kimoja hadi kiishe ndipo tuanze kingine, kwa kuwa mtutu hupata joto, jua hupanda, na mlengaji huchoka, na hayo yote yangeangukia kiasi cha pili. Tunazipishanisha: ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya pili, bila mlengaji kuambiwa ipi iko chemba. Mimi ndiye ninayempa risasi na kuandika, naye anapiga tu. Katika maabara tunafanya vivyo hivyo kwa sampuli zisizo na majina, ili mkono wa mpimaji usiwe na upande. Mara nyingi majibu yanayorudi ni kwamba viasi viwili havitofautiani kwa kiasi kinachoweza kuthibitishwa, na hiyo ni habari njema. Ina maana kwamba mjomba yuko huru kuchagua kile kisichosumbuliwa sana na joto, au kinachojaza ganda vizuri zaidi.

Ipo hesabu nyingine ambayo imenituliza kuliko zote. Vyanzo vya mtawanyiko havijumlishwi moja kwa moja. Unapandisha kila kimoja katika kipeo cha pili, unajumlisha, kisha unatafuta kipeuo cha pili cha jumla. Tuseme kasi yenye mkengeuko wa mita 3 kwa sekunde inaleta sentimita 7 za juu na chini katika yadi 1000, huku mlengaji, mtutu na vichwa vyenyewe vikileta sentimita 12. Jumla si 19, bali 13.9. Sasa mtu ajinyime usingizi wiki nzima akapima kila kijiti cha baruti hadi mkengeuko wa kasi ushuke kuwa mita 2, sawa na sentimita 4.5 hivi: jumla inakuwa 12.8. Amepata sentimita moja. Kama muda ule ule angeutumia kujifunza kulala vizuri nyuma ya bunduki, akapunguza zile 12 hadi 10, hata kwa kasi ya zamani angefika 12.2. Kila chanzo kikubwa hukifunika kidogo, na mjaza risasi anapaswa kujua kwanza kipi ni kikubwa kwake.

Kikubwa kuliko vyote ni upepo. Katika yadi 1000, upepo wa kukatiza wa mita moja tu kwa sekunde huisukuma risasi yetu pembeni kwa sentimita 40 hivi. Ni upepo ambao hausikiki shavuni. Hakuna ganda wala mizani inayoweza kuufuta. Hata hivyo hapo ndipo ujazaji wa makini unapolipa kwa namna ambayo sikuitarajia: risasi zikifanana kimo, kila tundu lililokwenda kushoto au kulia linasema habari ya upepo peke yake. Mlengaji anasoma karatasi kama msomaji wa ramani, anajua kosa lilikuwa la jicho lake kwa bendera na si la meza yake ya kazi, na anarekebisha risasi inayofuata bila kubahatisha.

Polokwane na Lubumbashi zote ziko juu ya mita 1200 kutoka usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi kuliko pwani kwa takriban asilimia 12. Risasi hushuka kidogo na husukumwa kidogo. Mjomba akienda kushindana karibu na bahari, jedwali lake la kurekebisha kimo cha kulenga halifai tena, ingawa risasi zenyewe hazijabadilika. Joto ni jambo tofauti, kwa sababu linaigusa baruti. Asubuhi za Julai zinaweza kukaribia nyuzi 5, na mchana wa Januari unavuka 28; baruti ya aina fulani huongeza kasi kwa mita kadhaa kwa kila nyuzi 10 za joto, na nyingine husogea kidogo tu. Hatukubali maelezo yaliyo kwenye kopo. Tunapima asubuhi ya baridi na mchana wa jua, kwa risasi zilizojazwa siku moja, na tunaandika joto la risasi zenyewe na si la hewa. Risasi iliyoachwa ndani ya chemba yenye moto kwa dakika moja wakati mlengaji anasubiri upepo haina joto la zile zilizoko kivulini, na wakati mwingine hiyo pekee inaeleza tundu la juu lililokuwa likimsumbua mtu.

Daftari la mjomba limegawanyika kwa matoleo: toleo la baruti, toleo la fataki, toleo la vichwa, na idadi ya risasi zilizopita kwenye mtutu. Safu hiyo ya mwisho ndiyo tunayoifuatilia sasa. Gesi ya moto hula mwanzo wa mifuo, kwa hiyo mahali inapoanza kukishika kichwa husogea mbele mwaka baada ya mwaka, na nafasi ya kuruka tuliyoipima mtutu ukiwa mpya siyo iliyopo leo. Kopo la baruti tulilolianza pamoja limekaribia kwisha, na linalofuata ni la toleo jingine. Nitakaposhuka tena wakati wa kiangazi, tutapima upya mwanzo wa mifuo kwa kichwa kimoja tulichokitenga kwa kazi hiyo, tutashuka chini ya kiasi chetu cha sasa kwa ajili ya toleo jipya, kisha tutapishanisha la zamani na jipya, risasi 20 kwa 20, mjomba akiwa hajui ipi ni ipi.